Filta Niliyoipima kwa Mkono

Mke wangu husema nikikaa kwenye kiti ni kama nimekalia siafu. Anasema kweli. Umri wangu ni wa kupumzika, gereji nimewaachia wengine, magoti yanalalamika nikipanda hata ngazi tatu. Lakini kila asubuhi najikuta nimesimama kando ya barabara kuu hapa Soweto, Mbeya, nikisikiliza malori yanavyovuta kuelekea Uyole. Lile, pampu imechoka. Lile, turbo inalia. Likipita moja lenye mlio unaofanana na ule ninaoujua, nageuka na kuanza kutembea, siendi popote, natembea tu mpaka upungue masikioni.

Ninayoandika hapa yanahusu kitu kidogo, filta ya oili ya injini ya dizeli, na mtu mmoja, mdogo wake mke wangu, ambaye nilimharibia jina lake la udereva. Nililiharibu kwa mdomo wangu, mchana, mbele ya watu, nikiwa na akili zangu timamu. Watu wa umri wangu hupenda kusema "ilitokea bahati mbaya". Nikisema hivyo nitakuwa najificha tena, na nimeshajificha miaka sita.

Nilisoma mpaka kidato cha nne, nikaingia gereji nikiwa na mikono laini, na humo nikazeekea. Kazi yangu ilikuwa injini kubwa za malori. Katika injini hizo hakuna kitu kinachodharauliwa kama filta ya oili. Ni kopo la bati lenye karatasi iliyokunjwakunjwa ndani. Oili inaingia imebeba masizi na unga wa chuma, inapenya kwenye karatasi, inatoka safi kwenda kulainisha krenki, ule mhimili mkuu wa injini. Karatasi ikiwa mbovu, uchafu unapita. Ikiwa haba, inaziba upesi. Shida yake ni kwamba kopo limefungwa kiwandani, na anayenunua hanunui anachokiona.

Kwa hiyo kila fundi alikuwa na imani yake. Mmoja alinusa gundi. Mwingine aliitikisa sikioni kama anayechagua nazi. Kulikuwa na mzee mmoja Mwanjelwa aliyepuliza kwa mdomo kwenye tundu la katikati na kutoa hukumu akiwa amefumba macho. Mimi nilipima uzito. Filta moja mkono wa kulia, nyingine mkono wa kushoto, na iliyolemea ndiyo nzima. Niliamini kwamba mwenye kiwanda anayebana matumizi atabana karatasi na chuma, kwa hiyo yake itakuwa nyepesi. Kwa miaka mingi imani hiyo haikuniangusha, na mafundi wadogo wakaja kuniletea filta niwapimie. Nilipenda sana kuletewa.

Duka tulilonunua lilikuwa la familia ya Kihindi. Mwenye duka alizaliwa Mbeya hii hii na Kisafwa chake cha sokoni kinanishinda mimi Mnyakyusa. Alipanga filta kwenye rafu tatu. Rafu ya juu zilikaa orijino. Ya kati zilikaa zile za viwanda vingine, zenye majina yake zenyewe, ambazo si mbaya. Ya chini zilikaa zile zilizoletwa kwenye maboksi yanayofanana na ya juu mpaka rangi, ila herufi zimechapwa zikaegemea kidogo. Hakumdanganya mtu.

"Hiyo ya chini mimi siiapii, fundi," alikuwa akiniambia. "Naiweka kwa sababu watu wanaiulizia."

Shemeji yangu alikuwa akiendesha lori la mama mmoja Msangu, mfanyabiashara wa mchele wa Igawa. Lilikuwa lori lake pekee. Linashusha mchele Dar es Salaam, linarudi na mabati au saruji, na kila baada ya safari kadhaa linaingia kwangu kumwaga oili. Shemeji ni Mhehe wa Idodi, mrefu, mpole wa vitendo lakini mdomo wake haulali. Kwa mila zetu shemeji ni mtu wa kutaniwa, na yeye haki hiyo aliitumia yote.

Siku ninayoisema, lori lilikuwa limeshapakia mchele. Orijino ilikuwa imeisha dukani na mzigo mpya ungefika baada ya siku mbili. Nikaenda rafu ya chini. Nikachukua moja, nikaiweka mkononi pamoja na orijino kuukuu niliyoifungua kwenye injini na kuimwaga oili. Ile ya rafu ya chini ililemea. Nikarudi nayo gereji nimefurahi, nikawaonyesha mafundi, mkono huku na mkono huku.

Shemeji alikuwa amekaa juu ya tairi akila muhindi.

"Shemeji, hiyo ni filta au unachagua jogoo wa Krismasi?"

"Kazi yako usukani. Tulia."

"Nimetulia. Lakini kwa nini tusisubiri ile ya siku zote? Siku mbili si nyingi. Injini ile haijawahi kunilalamikia."

"Hii ni nzito kuliko ile. Kamata mwenyewe."

Akaikamata, akaipandisha na kuishusha. "Nzito kweli. Hata tofali ni zito."

Mafundi wakacheka. Akaona wamecheka, akaongeza: "Mnyakyusa akishafika kidato cha nne, basi hata Mungu alimwuliza yeye kabla ya kuumba milima."

Wakacheka zaidi. Nikapandwa na joto la masikio. Nimejidanganya mara nyingi kwamba kama asingefanya nichekwe mbele ya wale vijana wangu ningekubali tusubiri. Si kweli. Filta nilikuwa nimeshaichagua, na mkono wangu haukuwa na desturi ya kurudi dukani. Nikaifunga.

Kesho yake asubuhi akanipigia simu kutoka Makambako.

"Shemeji, leo taa ya oili imechelewa kuzima. Nimewasha, nimehesabu mpaka nane ndiyo ikazima. Kawaida mbili tu."

"Makambako asubuhi kuna nini?"

"Baridi."

"Basi ndiyo hiyo. Oili imeganda. Ipe muda ipate moto, halafu twende."

Sisi wa Nyanda za Juu baridi tunaitwisha kila kitu. Betri ikifa ni baridi. Dizeli ikigoma kupita ni baridi. Mtu akichelewa ibada ni baridi, na mchungaji anaelewa. Fundi wa Dar es Salaam angeulizwa swali lile angelazimika kufikiri, maana yeye hana baridi ya kusingizia. Mimi nilikuwa nayo karibu, nikaiokota.

Siku tatu baadaye akapiga tena, safari hii akiwa Chalinze, ameshashusha mchele na kupakia mabati.

"Shemeji, na Chalinze kuna baridi?"

"Unasemaje?"

"Huku watu wanatembea vifua wazi. Na taa bado inachelewa. Leo nimehesabu kumi."

Hapo ndipo nilipopaswa kumwambia zima, usiwashe, tafuta filta nyingine ufunge hapo hapo. Niliujua ugonjwa ule. Ndani ya filta nzuri kuna mpira mlaini unaozuia oili isirudi chini gari likizimwa, hasa kwenye injini kama ile ambayo filta imelala ubavu. Mpira ukiwa mbovu, filta inabaki tupu, na kila ukiwasha, krenki inazunguka kavu mpaka oili ifike. Taa inakwambia hivyo kwa lugha yake. Nilijua. Ila kukubali kulikuwa ni kukubali kwamba tofali ni zito kweli. Nikamwambia: "Njoo nalo taratibu, ukifika nitaliangalia."

Halikufika. Lilianza kugonga katikati ya mlima Kitonga, kwenye kona ambazo huwezi hata kupaki vizuri. Aliniambia baadaye kwamba alizima mara moja aliposikia mlio wa kwanza wa kugonga, akaweka mawe kwenye tairi, akakata majani ya kuwaonya wenzake. Alifanya kila kitu ambacho dereva mzuri hufanya. Injini ilikuwa imeshakufa.

Wakalivuta mpaka Soweto. Nikaingia chini yake peke yangu kabla ya mwenye lori hajafika, nikamwaga oili. Naandika jambo hili polepole, kwa sababu ndilo lenyewe. Kabla ya kumwaga nilichomoa kile kijiti cha kupimia. Oili ilikuwa imefika alama ya juu. Nilikifuta, nikakirudisha, nikafungua nati, oili ikashuka kwenye karai ikimetameta unga wa chuma. Tangu dakika ile hakuna mtu mwingine duniani ambaye angeweza kujua kulikuwa na oili kiasi gani.

Mama alifika na gari la kukodi kutoka Igawa, kanga imefungwa kiunoni kama anayekwenda msibani. Tulikuwa tumeshafungua chini ya injini. Zile bering za krenki, ambazo sisi huziita metali, zilikuwa zimesagika na kukunjana kama karatasi za chokoleti. Alizitazama, hakuzielewa, akanigeukia.

"Fundi, niambie kama unavyomwambia dada yako. Nani kaniulia injini?"

Mafundi wote walikuwa wamesimama. Shemeji alikuwa pembeni yangu, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Nilikuwa na sekunde chache, na ndani yake niliona rafu ya chini, nikaona wale vijana waliokuwa wakiniletea filta niwapimie.

"Mama," nikasema, "injini haifi hivi kama oili ipo."

Akamgeukia dereva wake. "Ulipima oili?"

"Nilipima kila asubuhi, mama. Na taa ilipoanza kuchelewa nilimpigia shemeji."

Wakanitazama mimi.

"Alinipigia kuhusu baridi ya Makambako," nikasema. "Habari za oili hakuniambia."

Shemeji alinitazama kwa muda ambao bado unaendelea. Nilingoja aseme Chalinze. Nilikuwa nimeshaandaa jibu la Chalinze pia, uongo wa pili, ulikuwa tayari kwenye ulimi. Hakusema. Alitoa funguo mfukoni, akazifuta kwa shati lake, akaziweka juu ya benchi kati ya spana zangu. Mama akamwambia maneno makali: mvivu, mla jasho la watu, mtu anayelala kwenye usukani wa mwanamke mjane. Yeye akayasikiliza mpaka mwisho kama mtu anayesomewa risala, kisha akatoka.

Habari ya dereva husafiri kwa malori yenyewe. Kabla ya juma kuisha, gereji zote na vituo vyote vya kula kutoka Tunduma mpaka Makambako walijua kwamba yule Mhehe mrefu kaua injini kwa kutopima oili. Kwa dereva hakuna tusi kubwa kuliko hilo. Ajali watu humsamehe, hata mwizi wa dizeli hupata lori lingine. Aliyeua injini kwa uvivu hapewi. Alizunguka miezi michache akiomba usukani, akakosa, akarudi Idodi kulima mpunga.

Nyumbani mke wangu alisema mara moja tu. Alikuwa akisonga ugali, hakugeuka.

"Mdogo wangu anapima oili tangu akiwa utingo. Anapima hata gari lisilo lake."

Nikamwambia ugali unaungua. Haukuwa unaungua.

Jumapili iliyofuata, wenzangu wakiwa kanisani, nilikwenda gereji kuikata ile filta. Nilikuwa nimeificha chini ya magunia. Sikutumia msumeno, kwa kuwa msumeno huangusha vumbi la chuma ndani, halafu hujui kipi ni cha msumeno na kipi ni cha injini. Nilikunjua ukingo wa kopo kwa tindo na koleo, polepole, kama anayefungua kopo la samaki. Pembeni nikaweka orijino kuukuu na moja ya rafu ya kati, nikazikunjua vilevile, nikapanga matumbo yao mezani.

Uzito nilioupenda ulikuwa kitako. Walikuwa wameweka bamba nene la chuma, na juu yake bamba jingine lisilo na kazi yoyote. Aliyetengeneza alijua mafundi kama mimi tupo, alijua tunapima kwa mkono, akatuwekea chuma cha kupima. Nilichomoa karatasi ya orijino, nikaivuta mikunjo yake ikafunguka kama kodiani, ikatoka mezani mpaka mlangoni na bado ilikuwa na mikunjo. Ile ya kati ilifika karibu na mlango. Yangu haikufika ukingo wa meza. Mpira wa orijino ukiubonyeza unarudi kama sikio la mtoto. Wangu ulikuwa mkavu kama soli ya kandambili, umepinda, unaacha nafasi ya kupitisha kidole. Gundi iliyoshika karatasi ilikuwa imeachia kwa moto, na karatasi yenyewe ilikuwa na tundu lenye kingo zilizochanika. Kipande kilichokosekana nilikwenda kukikuta kwenye njia ya oili ya krenki, kimejibana pale kama kizibo.

Kwa hiyo tangu asubuhi ile sikuwa na shaka hata kidogo. Nilichofanya na ujuzi huo ni hiki: nilianza kukata filta. Nilinunua za kila rafu, za kila duka, Mbeya na mpaka Iringa mjini, nikazikunjua na kuzipanga ukutani gerejini, karatasi na mpira na kitako, kila moja na mwenzake. Nikawafundisha mafundi waache kupima kwa mkono. Nikawaambia wabonyeze mpira kwa kidole kupitia matundu ya kitako, wamulike mikunjo kwa tochi, waangalie herufi za boksi, na taa ikichelewa kuzima wasisingizie baridi. Yote yalikuwa kweli. Madereva walianza kuniita Mzee wa Filta. Wengine walitoka Mafinga kuja kuona ukuta ule, wakanishika mkono, wakasema injini zao zimepona kwa sababu yangu.

Nilipokea mikono hiyo yote. Ujuzi ule nilikuwa nimeununua kwa jina la mtu mwingine, na kila aliponisifu mtu nilitaka kutoka nje. Nilikuwa natoka. Nazunguka gereji, narudi, natoka tena. Mafundi wakafikiri ni kibofu.

Mwaka jana yule mama wa Igawa alikuja. Tulikuwa tukionana kwa kupita tu. Alikuwa amejikusanya, amefungua mashine ya kukoboa mpunga, na sasa alikuwa ananunua lori la pili.

"Mzee wa Filta," akasema akicheka, "wewe unawajua madereva wote. Nitafutie mmoja. Lakini asiwe kama yule aliyeniulia injini."

Nikafungua mdomo. Nikamwambia: "Nitakutafutia, mama."

Akaenda zake. Uongo wa kwanza nilikuwa na sababu ya kijinga, hofu ya kuchekwa. Huu wa sasa sikuwa hata na hofu. Ulitoka tu, umeshazoea njia. Hilo ndilo lililonitisha. Sikula siku ile. Kesho yake nikamwambia mke wangu nakwenda Idodi.

"Kwa mdogo wangu? Kuna nini?"

Nikamwambia yote, nimesimama mlangoni na begi mkononi. Alisikiliza. Alikuwa akichambua maharage, na mikono haikusimama. Nilipomaliza akasema, "Utachelewa basi." Sikusikia neno lingine kutoka kwake siku nne.

Nililala Iringa kwa ndugu, asubuhi nikapanda basi la barabara ya mbugani. Idodi kuna joto kuliko kwetu. Nilimkuta kwenye mashamba ya mpunga, amekunja suruali, anaziba mfereji uliobomoka.

"Kamwene," nikasalimia kwa Kihehe.

"Kamwene, shemeji." Akasimama wima. "Nani kafa?"

"Hajafa mtu."

"Utoke Mbeya mpaka huku bila msiba? Basi dada kakufukuza."

"Bado."

Akacheka, akainama tena kwenye tope. Nikaona nikingoja tufike nyumbani nitaletewa maji ya kunawa, nitaletewa chakula, nitaondoka na neno langu tumboni. Nikalisema pale pale.

"Ile injini niliiua mimi. Ilikuwa filta. Oili ilikuwa imejaa mpaka alama ya juu, niliiona kwa macho yangu nikaimwaga. Nilijua siku ile nilipokuwa namjibu mama."

Akachota tope kwa jembe, akaliweka kwenye tuta. "Sogea, umekanyaga njia ya maji."

Nikasogea. "Umenisikia?"

"Nimekusikia. Mimi nilijua tangu Chalinze."

"Ulijua?"

"Shemeji, aliyekuwa amekaa juu ya ile injini ni mimi. Wewe ulikuwa Mbeya."

"Sasa siku ile mbona hukusema?"

Alisafisha jembe kwa kidole, taratibu mno. "Ningesema, yule mama angemwamini nani? Wewe ndiye fundi. Mimi ningeondoka pale mvivu na mwongo. Halafu dada yangu usiku anarudi kulala kwa mtu ambaye mdogo wake kamwita mwongo mbele ya watu. Nikaona uvivu peke yake unatosha."

Maji yalikuwa yanapita kati ya miguu yetu.

"Nimekuja kuomba msamaha," nikasema.

"Umeshakuja, basi. Twende ukale." Akatembea mbele, halafu akasimama bila kugeuka. "Lakini huo msamaha ukinipa mimi naupeleka wapi? Mimi sijawahi kuamini kwamba niliua injini. Asiyejua yuko Igawa."

Nilikula kwake, mkewe akanipa na mchele wa kubeba. Nikashuka Igawa siku iliyofuata. Mama alikuwa kwenye mashine yake, pumba zimejaa hewani, madereva wawili wakingoja mzigo, wanawake wakipepeta.

"Karibu, Mzee wa Filta! Umenipatia dereva?"

"Nimempata. Ni yule yule wa kwanza."

Akacheka akifikiri ni utani. Nikamwomba azime mashine. Nilitaka nisirudie mara mbili. Nikaeleza mbele ya wote waliokuwepo: rafu ya chini, taa, Makambako, Chalinze, kijiti, karai. Uso wa mama ulibadilika nilipofika kwenye karai.

"Yaani mimi nilimwita mvivu mbele ya watu," akasema, "kumbe mvivu ni wewe?"

"Mimi sikuwa mvivu, mama. Nilikuwa mwongo."

"Usinichagulie maneno! Nitakuita ninavyotaka. Mtoto wa watu nimemtukana, nimemlaani. Kila nikikoboa mpunga nasema laiti si yule. Miaka sita! Na wewe unapita hapa kwangu, unakula wali wangu, unanipungia mkono!"

Akachukua simu yake, akaomba namba, nikamtajia. Akaiweka kwa sauti kubwa ili wote wasikie.

"Mwanangu, ni mimi. Mama wa lori."

Sauti ya shemeji ikatoka: "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimeambiwa habari za filta."

"Nani kakwambia?"

"Mwenyewe. Yupo hapa amesimama, wala kiti sijampa."

"Mpe kiti, mama. Ana magoti."

Mmoja wa wale wanawake akasukuma stuli kwangu kwa mguu. Sikukaa.

"Nilikukosea," mama akasema. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Lori lipo, jipya. Utakuja?"

"Nikishavuna nitakuja. Ila nina neno moja."

"Sema."

"Shemeji asiguse injini. Fundi nitamchagua mwenyewe, na filta nitanunua mwenyewe."

Mama akanitazama. "Umesikia?"

"Nimesikia," nikasema. Nilitaka kusema zaidi, kwamba sasa hivi hakuna anayejua filta kuliko mimi barabara hii yote.

Alipokata simu aliniambia niondoke, mashine iwashwe. Nilipofika kwenye lami akaniita. "Maneno yako yalifika Tunduma kabla lori langu halijapoa! Sasa yafuate!"

Nayafuata mpaka leo. Shemeji alivuna, akaja, anaendesha. Namwona akipita Soweto, anapiga honi mara moja, haegeshi kwangu. Mke wangu hupanda naye akienda kwao, mimi siulizwi kama nakwenda. Na mimi nazunguka gereji kwa gereji, nikisimama katikati ya mafundi na kueleza. Makambako walinisikiliza kwa heshima wakanipa chai. Kule Mwanjelwa, fundi mmoja alicheka mpaka akakaa chini. Wachache wameng'oa mafundisho yangu yote na kurudi kupima kwa mkono, wakisema Mzee wa Filta ni mwongo, na nashindwa kuwalaumu.

Juma lililopita nilikuwa Uyole. Fundi mkuu wa pale, mtu mzima mwenye wajukuu, alinipiga begani.

"Mzee, hayo tulishasahau zamani. Kapumzike."

"Alipokuja hapa kuomba usukani, mlimwambia nini?"

Akajikuna kichwa.

"Tulimpa kijiti cha kupimia oili," akasema. "Tukamwambia aende akajifunze kwanza, ndiyo arudi. Ilikuwa utani tu, mzee. Alikibeba, akaondoka nacho."

Hilo shemeji hakuniambia Idodi. Kisha nikamwomba anitajie gereji nyingine alizokwenda siku zile. Akanitajia tatu. Moja imeshafungwa. Mbili ziko Tunduma, na basi la kwenda huko linaondoka saa kumi na mbili asubuhi.